Cha Kusubiri na Kisichosubiri: Makuzi ya Mtoto tangu Mimba hadi Miaka Mitatu

Wazazi wengi huhangaikia jambo linalotaka subira tu, kama meno yaliyochelewa kuota, kisha wakalichukulia kwa utulivu jambo lisilotaka kusubiriwa hata siku moja, kama umanjano wa mtoto mchanga. Hawafanyi hivyo kwa kukosa upendo. Mtoto akizaliwa, kila anayeingia nyumbani ana la kusema: bibi, wifi, jirani, mama mwenye nyumba, na siku hizi makundi ya WhatsApp. Ushauri ukizidi, mzazi hajui afuate lipi. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yako unayetarajia mtoto au unayelea mchanga, ili uujue mpangilio ambao makuzi huufuata, na uweze kutenganisha mambo ya kuvumilia na mambo ya kukukimbiza hospitali.

Wiki ambazo mimba bado ni siri

Mimba changa haitangazwi. Watu wanaogopa jicho la hasidi, wanaogopa pia kwamba huenda ikatoka, na mara nyingi mume peke yake ndiye anayejua. Sina ugomvi na siri hiyo, mradi mhudumu wa afya asifichwe, kwa sababu kazi kubwa kuliko zote hufanyika katika wiki hizo.

Tazama hesabu yake. Kliniki huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na safari nzima ni wiki 40. Lakini yai hurutubishwa wiki mbili hivi baada ya siku hiyo. Kwa hiyo asubuhi unapogundua kwamba hedhi haikuja, kiinitete kina umri wa wiki mbili tayari. Wiki moja baadaye, kwenye siku ya 22 hivi tangu yai lirutubishwe, moyo huanza kupiga. Kufikia siku ya 28, mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umeshajifunga. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa kwa maji kujaa ndani ya ubongo. Ni wanawake wangapi wanakuwa wameshafika kliniki kufikia siku hiyo? Wachache mno.

Ndiyo maana asidi ya foliki, kinga kuu ya tatizo hilo, huanza kumezwa kabla ya mimba. Anayepanga kuzaa ameze mikrogramu 400 kila siku, walau mwezi mzima kabla ya kushika mimba, aendelee hadi wiki ya 12. Mchicha, majani ya maboga na maharage vina foliki na vinafaa sana, ila havitoshi kushika nafasi ya kidonge. Kama uliwahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au unatumia dawa za kifafa, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba nyingine, maana dozi yako ni kubwa zaidi. Usiache dawa za kifafa kwa uamuzi wako.

Wiki nane baada ya yai kurutubishwa, viungo vyote vikuu huwa vimeshaanza kujengeka, na kiinitete sasa huitwa kijusi. Kinachobaki ni kukua na kukomaa. Chakula na hewa hupitia kondo la nyuma, lakini kondo si mlinzi wa kila kitu. Pombe hupita, sumu ya sigara hupita, na risasi iliyomo kwenye udongo hupita. Nasema udongo kwa sababu ya pemba, vile vidonge vya udongo vinavyouzwa sokoni na kuliwa na wajawazito wengi. Hamu hiyo ni ya kweli, na mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Lakini vipimo vimeonyesha kwamba udongo huo unaweza kuwa na risasi, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, jambo linalozidisha upungufu uleule. Hamu ikikushika, nenda ukapimwe damu.

Mambo mawili kuhusu urithi yanahitaji kusemwa bila kuzunguka. La kwanza, jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba. Mama hutoa kromosomu X tu. Baba hutoa X au Y. Mwanamke anayenyanyaswa kwa kuzaa mabinti anaadhibiwa kwa jambo lisilotoka kwake. La pili ni selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Mama na baba wenye vinasaba vyake wanaweza kuwa wazima kabisa, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Pimeni kabla ya harusi, au angalau kabla ya mimba.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na mhudumu mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Huko atapimwa VVU, kaswende, wingi wa damu na shinikizo, na kuanzia mwezi wa nne atapewa dawa ya SP ya kumkinga na malaria, ugonjwa unaofanya watoto wazaliwe na uzito mdogo. Mwende wawili. Baba aliyekaa kwenye benchi la kliniki hahitaji kusimuliwa kwa nini pesa ya mayai ni muhimu.

Kati ya wiki ya 18 na 20 mama mwenye mimba ya kwanza huanza kusikia mtoto akicheza. Aliyekwisha kuzaa huweza kusikia mapema zaidi. Baada ya wiki ya 24 hivi, mtoto husikia sauti. Mwaka 1980 watafiti Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wachanga, wenye siku chache tu za kuzaliwa, walibadilisha namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikilizishwe sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo ongea naye, na baba aongee pia. Mimba ikishakuwa kubwa, mtoto akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, nenda ukaangaliwe siku hiyohiyo.

Mwezi wa kwanza

Pwani mama na mtoto hukaa ndani siku arobaini. Ni desturi njema: mama anapumzika, anakandwa, anapikiwa, na mtoto anaepushwa na mikono ya wageni wenye mafua. Hatari yake ni pale arobaini inapogeuka sababu ya kutomtoa nje mtoto aliyeugua.

Mwekee mtoto titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya mwanzo, mazito yenye rangi ya njano, ni kidogo lakini yamejaa kinga. Kuyakamua na kuyamwaga ni kumnyang'anya mtoto ulinzi wake wa kwanza. Katika siku za mwanzo atapungua uzito, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito aliozaliwa nao, kisha ataurudisha ndani ya wiki mbili. Hili ni la kusubiri. Kulia sana jioni, ambako hufikia kilele kwenye wiki ya sita na kupungua kwenye mwezi wa tatu au wa nne, nako ni kwa kusubiri, maadamu ananyonya, anakojoa na hana homa. Wengi huita kilio hicho mchango, wakamnywesha mtoto mizizi iliyochemshwa. Tumbo la mtoto wa wiki tatu halijajengwa kupokea kitu hicho. Kwa miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, hata maji hayahitajiki, hata kwenye joto la Dar es Salaam la Januari.

Mtoto njiti, au aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, anahitaji joto la kifua. Njia ya kangaroo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria ambaye mashine za joto hazikumtosha. Mtoto huvaliwa kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi na kofia tu, kisha anafunikwa kwa khanga. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vitano, ulionyesha kwamba kuanza njia hii mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, kulipunguza vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo kwa robo. Baba anaweza kumvaa, bibi pia.

Sasa yale yasiyosubiri. Mtoto mchanga aliyekataa kunyonya. Anayepumua haraka, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani. Mwenye homa, au mwenye mwili wa baridi usiopata joto. Aliyelegea au anayeshtuka kwa degedege. Kitovu chenye usaha au wekundu unaosambaa. Na umanjano: ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika kwenye viganja na nyayo, hiyo ni dharura. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi. Umanjano mkali huharibu ubongo kabisa, na mtoto huweza kubaki na mtindio wa ubongo au uziwi ambao mwanga wa hospitalini ungeuzuia.

Kutoka kichwani kwenda miguuni

Mwili wa mtoto hushika udhibiti kuanzia juu kwenda chini, na kutoka katikati kwenda pembeni. Kwanza shingo, kisha mgongo, kisha nyonga, mwisho miguu. Kwanza bega, baadaye kiganja, mwisho vidole viwili vinavyookota punje ya mchele mkekani. Hatua zinafuatana, ila tarehe zake hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto.

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipindi vya hatua hizi. Kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 4 na 9. Kusimama peke yake: kati ya miezi 7 na 17 hivi. Kutembea: kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Kwa hiyo mtoto wa jirani aliyetembea na miezi tisa, na wako wa miezi kumi na minne anayeshika viti, wote wako njiani. Watoto wapatao wanne katika kila mia hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliruka hatua hiyo wakasimama. Kama mtoto wako alizaliwa njiti, toa wiki alizotangulia kuzaliwa kabla ya kulinganisha, na endelea kufanya hivyo hadi atimize miaka miwili.

Malezi nayo yana mkono wake. Charles Super alichapisha mwaka 1976 utafiti wake kuhusu Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa sababu mama zao waliwafundisha kwa makusudi: walichimba kishimo ardhini, wakamketisha mtoto humo akiwa ameegemezwa, na walimshika kwapani kumchezesha hatua. Kwenye kutambaa, ambako hawakufundishwa hivyo, hawakuwatangulia wenzao. Fundisho ni rahisi: mtoto hujifunza kile anachopewa nafasi ya kukifanya. Mbebe mgongoni, lakini mtandikie mkeka pia, umlaze kifudifudi akiwa macho, wewe ukiwa pembeni. Kwa hayo hahitaji kununuliwa kigari cha kutembelea.

Mazungumzo kabla ya maneno

Hapa ningependa ukae kidogo, kwa sababu ndipo pasipogharimu kitu na ndipo panaposahaulika kuliko kote.

Mtazame mtoto wa miezi mitatu akiwa amekwisha oga, amelazwa juu ya khanga, mafuta yanang'aa tumboni. Shangazi yake anainama: "Nani huyu? Nani huyu mzuri?" Mtoto anamkazia macho, miguu inapiga, mdomo unajikunja, na baada ya muda inatoka sauti: "aguu". Shangazi anasema, "Ee? Kumbe?" kisha ananyamaza. Mtoto anajikusanya tena, anajibu. Kisha anageuza uso pembeni. Amechoka, anataka kupumua. Shangazi mwerevu anangoja, na mtoto anaporudisha uso, wanaendelea. Katika dakika hiyo moja mtoto amejifunza zamu ya kuongea, amejifunza kwamba sauti yake ina nguvu ya kumfanya mtu ajibu, na ubongo wake umejenga njia ambazo picha za kwenye simu haziwezi kuzijenga, kwa sababu simu haimngoji. Ubongo huo hufikia takribani asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima anapotimiza miaka miwili. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya miaka miwili asiwekewe video kabisa.

Wengine wanahofia kwamba ukimkimbilia kila anapolia, atadeka. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akawa anawatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake humwacha, hutambaa kwenda kuchunguza, kisha hurudi kumgusa na kuondoka tena. Watoto wenye uhakika huo walilia kidogo, na mama zao ndio waliowafahamu kwa undani. Hakuna anayeweza kumdekeza mtoto wa miezi minne kwa kumbeba.

Kwenye miezi minane hivi babu anafika kutoka Songea, ananyosha mikono, na mjukuu anaangua kilio. Msimwone hana adabu. Sasa anatofautisha watu wake na wengine, na anajua kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Ndiyo sababu mchezo wa kujifunika uso kwa khanga na kufunua unamchekesha sana. Babu akae karibu, asimkazie macho, na mtoto atamwendea mwenyewe.

Maneno hufuata. Kwenye miezi sita au saba husikika "bababa" na "mamama". Karibu na mwaka huonyesha kwa kidole, na neno la kwanza huja. Kufikia miaka miwili anaunganisha maneno mawili, "baba njoo", na huenda anasema "taka maji" kabla hajaanza kusema "nataka". Usimcheke, mjibu kwa sentensi kamili: "Unataka maji? Haya, maji haya hapa." Kulelewa kwa lugha mbili, Kiswahili na Kihehe kwa mfano, hakumpotezei mtoto lugha. Na ile kauli kwamba watoto wa kiume huchelewa tu kuongea imewagharimu wengi: tofauti kati ya wavulana na wasichana ni ndogo, haifiki miaka. Mtoto asiyeongea, wa kike au wa kiume, apimwe masikio kwanza.

Sahani, na lile neno linaloua kimyakimya

Mtoto akikonda au akichelewa kutembea, mtaani husemwa amebemendwa: kwamba wazazi wamelala pamoja mapema, au mmoja ametoka nje ya ndoa. Naomba tuiache imani hii. Tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama wala mwili wa mtoto. Lakini imani hiyo inadhuru kwa njia mbili: mama mwenye aibu hampeleki mtoto kliniki, na mwingine anamwachisha ziwa mapema kwa hofu. Mtoto anayeitwa amebemendwa kwa kawaida ana utapiamlo, minyoo, kifua kikuu, VVU au ugonjwa wa moyo. Yote hayo yana pa kuanzia hospitalini.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ghala la chakula la nchi. Mahindi yapo, mtoto anashiba, lakini anashiba wanga tu. Udumavu hujengeka zaidi katika siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba hadi miaka miwili.

Akitimiza miezi sita, anza chakula na uendelee kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo kila kijiko kibebe kitu. Chota uji, kiinamishe kijiko: ukitiririka kama maji, ni mwepesi mno. Ongeza yai, dagaa waliosagwa, karanga zilizopondwa, maharage yaliyochujwa, mafuta kidogo, parachichi, papai. Chagua karanga na mahindi yasiyo na ukungu, maana sumukuvu haiishi kwa kupika. Milo miwili au mitatu kwa siku mwanzoni, mitatu au minne kuanzia miezi tisa. Uzito wa kuzaliwa huwa mara mbili kwenye miezi mitano hivi, na mara tatu kwenye mwaka. Usitazame kilo za siku moja. Tazama mstari kwenye kadi ya kliniki. Mstari uliolala kwa miezi miwili unataka maelezo hata kama mtoto anacheka. Na chanjo zifuate tarehe zilizoandikwa kwenye kadi hiyohiyo.

Meno

Jino la kwanza huja karibu na miezi sita, na likija karibu na mwaka bado ni sawa. Yakianza ya juu, mtoto si kigego wala hana mkosi. Mtoto anapoharisha na kupata homa katika umri huu, wapo wanaosema ana meno ya plastiki, wakamchimba fizi. Kinachong'olewa pale ni chipukizi la jino halisi, na watoto wamekufa kwa damu na maambukizi. Vivyo hivyo kumkata kimeo mtoto anayekohoa. Kuhara kunatibiwa kwa ORS na zinki, kikohozi cha kupumua haraka kinatibiwa zahanati.

Lini uondoke nyumbani

Mpeleke mtoto akaangaliwe kama hadi miezi minne hajaweza kushika shingo au hakufuati kwa macho. Kama miezi tisa imefika hakai. Kama mwaka mmoja umefika haonyeshi kitu wala haitiki jina lake. Kama ana mwaka na nusu hatembei au hana neno hata moja. Kama ana miaka miwili haunganishi maneno mawili. Mpeleke kama kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu na mwingine umekunjwa ngumi. Mpeleke upesi kama kichwa kinakua kwa kasi na macho yanaelekea chini, au utosi umevimba akiwa ametulia, au umebonyea akiwa anaharisha. Na katika umri wowote, mtoto aliyekuwa anaongea akaacha, au aliyekuwa anakaa akashindwa, asisubiri.

Nenda na kadi yake. Mweleze mhudumu ulichokiona na lini ulianza kukiona. Akikwambia ni mapema mno nawe moyo haujatulia, omba rufaa ya daktari wa watoto. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeanza mazoezi tiba akiwa na miezi sita, na kiziwi anayetambuliwa kabla ya mwaka, wana nafasi kubwa zaidi kuliko wale wanaofikishwa wakiwa na miaka minne. Usimfiche ndani kwa aibu, mlete mapema.